Kontena la Barafu la Usenge

Injini ya Mama Aloo iliibwa ufuoni Usenge. Alfajiri boti yake ilikutwa tupu nyuma, skrubu za kubania injini zimefunguliwa taratibu, na Tom, mlinzi, akikoroma ndani ya boti ya jirani.

Kufika saa mbili, lawama zote zilikuwa juu ya Lorine Adero, fundi wa elektroniki kutoka Nyalenda. Yeye ndiye aliyeficha ndani ya baadhi ya injini za ufuo huo vidude alivyoviunda mwenyewe: redio ya LoRa, ya masafa marefu, iliyounganishwa na Arduino, kompyuta ndogo ya kibao kimoja, ikituma ishara kila dakika hadi kwenye kipokezi chake. Injini ikiibwa, ishara ingeonyesha ilipo. Sasa imeibwa, na kipokezi kimenyamaza.

"Huyu msichana ndiye anajua kila injini iko wapi," alisema Ondiek, mwenyekiti wa ufuo. "Sasa mwizi ni nani mwingine? Toeni hizo vitu zote tuchome!"

"Choma zako, Mzee. Zangu haziguswi," Lorine alimjibu akimtazama machoni. "Na hapa sitoki mpaka injini ipatikane."

Koplo Wakhisi wa polisi alimpa hadi saa sita. Injini isipopatikana, angelala seli, yeye na Tom.

"Nguo yako inanuka petroli," Koplo alimwambia Tom.

"Afande, si mimi ndio hujazia kila mtu tanki?"

"Na usiku?"

"Nilipata chupa ya chang'aa kwa boti. Sijui nani aliacha. Nikakunywa."

Lorine aliketi juu ya kreti, karibu na nyavu za kuanikia omena, dagaa wa ziwani, akafungua kipokezi. Antena imebana. Nyaya zote ziko mahali pake. Betri imejaa. Aliogopa, tena sana, kwamba labda kazi yake mwenyewe ndiyo mbovu.

Ng'ong'ong'o! Ringi ya gari iliyoning'inizwa kando ya kontena la barafu iligongwa. Hiyo ilikuwa sheria ya Ondiek: mlango wa kontena lake haufunguliwi ila ringi ikigongwa, ili barafu isiyeyuke. Akina mama wakapanga foleni na mabeseni yao.

Kipokezi kikalia, ti-ti. Kisha kimya. Lorine alilaani, akakaza nyaya upya.

Ringi ikagongwa tena baadaye. Ti-ti. Safari hii hakugusa nyaya. Alisimama.

"Afande, simu yako inashika network hapa nje?"

"Vizuri tu."

"Ukiingia kwa kontena ya chuma na mlango ufungwe?"

Koplo alimtazama, kisha akalitazama kontena.

"Mzee Ondiek," Lorine alipaza sauti ufuo mzima usikie, "gonga ringi!"

"Barafu imeisha."

"Basi fungua tuone vile imeisha," alisema Koplo.

Mlango ulipofunguliwa, kipokezi kililia mkononi mwa Lorine mbele ya watu wote. Chini ya magunia na barafu ililala injini ya Mama Aloo.

"Redio haitoki kwa kontena ya chuma ikifungwa," Lorine alisema. "Ulijua hivyo, ndio maana uliificha huku. Kidude chenyewe ulitafuta ukakosa, kwa sababu sijawahi kuonyesha mtu nakiweka wapi. Lakini mlango ukifunguka, inaongea. Na wewe ndio uliamua mlango ufunguke na ringi."

Mama Aloo alisogea hadi karibu kabisa na mwenyekiti. "Ondiek, ulinisaidia kumzika mzee wangu. Kwa nini mimi?"

Ondiek alitazama maji. "Sikutaka injini yako, Mama. Nilitaka hizo vitu zitoke. Mkutano wa wavuvi ulikuwa unataka kila boti iwe nazo, hata zangu."

"Na boti zako huenda mpaka mdomo wa mto usiku," Tom alidakia, "pale samaki hutaga. Pale tumekatazwa sisi wote!"

Koplo alimshika Ondiek mkono.

Mama Aloo aliokota nondo, akaigonga ringi mpaka ufuo mzima ukaja. Kisha akamgeukia Lorine, aliyekuwa tayari amefungua begi lake la vidude.

"Nyathina, mwanangu," alisema, "anza na boti za Ondiek."