Ncha Kushoto

"Kipanga, unanipata?" sauti iliuliza kwenye kifaa cha sikioni.

"Nakupata."

"Mmoja wa hao madaktari watatu ni bandia. Ana sindano ya sumu."

Kipanga, jasusi aliyevaa ovaroli ya fundi, alijikunyata nyuma ya skrini ya chumba cha mazoezi. Madaktari watatu wageni, waliosemekana ni wazoefu wa kazi hiyo, ndio kwanza walikuwa wamekabidhiwa vyuma virefu, vya kupenyeza kwenye vitundu vya sanduku na kuokotea maharage huku wakitazama skrini inayoonyesha ndani ya sanduku. Hivyo ndivyo madaktari hujifunza kupasua tumbo bila kulifungua.

Chumba cha pili, shemeji yake, mke wa kaka yake, alikuwa mezani, anatolewa kifuko cha nyongo. Ndiye shahidi pekee aliyebaki dhidi ya wauza silaha. Mwenzake walishammaliza.

"Wakamateni wote," alinong'ona.

"Haiwezekani. Tumbo limeshatobolewa, na mpasuaji anataka wasaidizi wawili sasa hivi. Akiwakosa, shemeji yako hatoki."

Kipanga aliutazama mlango wa chumba cha pili. Angemwambia nini kaka yake?

"Haya, nani yuko tayari kuingia?" aliuliza mwalimu wao, daktari bingwa.

Wote watatu walikuwa tayari. Tena wanatabasamu.

Ndipo alipokumbuka asubuhi, alipojaribu vyuma vile na mwalimu akamcheka. "Fundi, ukitaka ncha iende kushoto, peleka mkono kulia. Kila mtu huanza kwa kukosea, mpaka mkono uzoee wenyewe."

Kipanga alichomoka.

"Ncha kushoto, haraka!"

Mikono miwili ilikwenda kulia.

Mkono wa tatu, wa daktari mwenye miwani, ulikwenda kushoto.

Mwenye miwani aliutazama mkono wake, akamtazama Kipanga, akachomoa sindano. Bastola ya Kipanga, Beretta, ilikuwa chini ya boksi la spana, haifikiki. Alinyakua chuma sandukuni, akakizungusha kushoto kwa nguvu zote. Sindano ikaruka. Yule bandia akaanguka.

"Nje ya sanduku, kushoto ni kushoto," alimwambia, akimfunga pingu.

"Nyinyi wawili, mkanawe," mwalimu alisema, akiwafungulia mlango. "Kimbieni."

Kwenye korido kaka yake alikaa benchi, amepakata viatu vya mkewe.

"Vipi huko?"

"Bado anapasuliwa."

"Tatizo?"

"Hakuna. Wanaendelea tu."

Kaka alishusha pumzi. Kipanga alitia mikono mifukoni, akaondoka taratibu akipiga mluzi.