Jina Lililoandikwa kwa Rimoti

Runinga ilikuwa ya moto walipoishusha garini. Si moto wa kuunguza, ni vuguvugu la mgongo wa mtu aliyetoka kuamka. Doreen alikigusa kioo kwa kiganja, akakiondoa haraka.

"Baba Naisula, mliiwasha njiani?"

"Niiwashe kwa nini, kwa mate?" Nelson akacheka. "Imefurahi kuhama tu. Mngekaa kule mwaka mzima bila wageni, nanyi mngepata joto."

Kule kulikuwa ni lodge ndogo ya barabara ya Oldeani, iliyofungwa na sasa ikiuza vitanda, mapazia na kila kinachong'oka. Nelson Lesiamon, dereva wa watalii kwa miaka kumi na tisa, alikuwa ameifuata runinga ya inchi sitini na tano kinyume cha ushauri wote. Doreen alitaka mpya ya dukani, inchi thelathini na mbili. Alikuwa ameupima ukuta wa sebule kwa kitenge chake na kutoa hukumu: "Hapa ni pa kukaa watu, si ukumbi wa harusi." Nelson akajitetea kwa macho ya mama yake, bibi Kakenya, ambaye kwenye runinga ya zamani alishindwa kutofautisha mchungaji na mpira. Ukweli ni kwamba aliwahi kukwama usiku mmoja uwanja wa ndege wa Dubai, akaona kioo kikubwa kuliko zizi la baba yake, na tangu siku hiyo alijihesabu mtu wa dunia. Mtu wa dunia hatazami inchi thelathini na mbili.

Jambo moja hakumwambia mkewe.

Siku ya kuichagua, Inosenti, mlinzi wa ile lodge, aliwasha jenereta ili mteja aone picha. Runinga haikufunguka. Ilitaka kwanza jina la mgeni.

"Andika lolote, mzee," Inosenti alisema. "Wote waliolala hapa waliandikwa humo."

Nelson alisimama na rimoti. Kwao, Wamasai, mtu akifa jina lake halitajwi tena nyumbani, na ndugu mwenye jina kama lake hupewa jingine. Kaka yake alipotelea kwenye ukungu wa ukingo wa kreta miaka minane iliyopita, akitafuta ndama, na tangu alipopatikana chini ya korongo hakuna aliyelitamka jina lake. Naisula, mtoto wake aliyezaliwa mwaka uliofuata, hakujua kama alikuwa na baba mkubwa. Nelson akapiga hesabu zake za kijanja: mwiko ni wa ulimi. Wazee walioweka mwiko hawakuwahi kushika rimoti. Na alikuwa amemkumbuka kaka yake mno. Kidole kikaenda chenyewe, herufi moja moja.

KARIBU, PARMUAT. TUNAKUTAKIA MAPUMZIKO MEMA.

Alilitazama jina lile kama mtu anavyotazama picha ya zamani. Alipotaka kulifuta, Inosenti alikwisha kuzima jenereta.

Jumapili, walipotoka kanisani, runinga ilikuwa imeegemezwa ukutani, waya wake umekunjwa na kufungwa kwa kamba, ikimsubiri fundi. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mahindi. Kakenya alikuwa na kikombe chake cha chai, na Naisula, wa darasa la pili, alikuwa katika umri ule wa kusoma kila kitu: magunia, fulana za watu, karatasi za vitumbua.

Kioo kikawaka cheupe.

"Ka-ri-bu," mtoto akasoma, kidole kikifuata, "Par-mu-at."

Kikombe cha bibi kikaanguka.

"Nani," akanong'ona, "nani amempa mtoto huyu jina hilo?"

Sauti ya kiume, tulivu na yenye kikohozi kidogo, ilisikika mlangoni: "Hodi."

Katika kila nyumba mgeni hubisha kwanza, kisha hukaribishwa. Huyu alikaribishwa kwanza.

"Msiitikie," Kakenya alisema. Lakini mlango ulikwisha kusukumwa, na kilichoingia kilikuwa ukungu peke yake, pamoja na harufu ya ngozi mbichi iliyolowa; kisha godoro la kochi la pembeni, ambalo hakuna aliyekuwa amelikalia, likabonyea taratibu.

"Yeyo," Nelson akamwambia mama yake, "niliandika mimi. Sikutamka. Niliandika tu."

Kakenya alilitazama kochi. "Mwanangu hakuwahi kubisha hodi kwenye nyumba ya mama yake," alisema. "Huyu si yeye. Hiki kilikuwa kinakaa kule lodge hakina jina, nawe ukakipa."

Waliigeuza runinga ikatazama ukuta, wakaifunika mashuka matatu. Jumatatu asubuhi mwanga ulikuwa unapenya mashuka yote. Doreen alimkuta mtoto kakaa sakafuni mbele ya lile kochi, akitikisa kichwa kama anayekubali maelekezo.

"Unaongea na nani, mama?"

"Na baba mkubwa. Amenitafutia ndama mweupe. Anasema nivae sweta, kule korongoni kuna baridi."

Doreen akamnyakua. Nelson akaigeuza runinga, akafunua mashuka kwa ncha ya fimbo, nao wakasoma wote wawili, bila kutoa sauti:

WAGENI: PARMUAT, NAISULA. KUONDOKA: JUMANNE, SAA NNE ASUBUHI.

"Nelson," Doreen alinong'ona. Hakuwahi kumwita hivyo tangu wazae. "Mtoto wangu. Fanya unachojua, lakini mtoto wangu haendi popote."

Lekoko, mganga wa Soitsambu, alifika Jumanne asubuhi na mapema, mtu mfupi mwenye koti la mvua na simu mbili. Hakupiga ramli. Alinusa sebule, akatoka nje, akatema mate.

"Siwezi kumfukuza aliyekaribishwa vizuri namna hii," alisema kwa sauti ya chini. "Ila anamfuata mtu kwa jina. Tumwondolee jina. Mtoto anyolewe, bibi yake amnong'oneze jipya sikioni, lisisikike hata na nyinyi mpaka kile kioo kiwe mbali. Na lile la zamani mlitendee kama la marehemu. Halitajwi tena."

"Unataka nimzike mtoto wangu yuko hai?" Doreen akauliza.

"Nataka ulizike jina, mama. Vinginevyo utamzika mwenyewe."

Wakamnyoa kwa maziwa na maji, nywele zikidondoka kwenye ngozi ya ng'ombe, na Kakenya akaweka midomo kwenye sikio la mtoto. Kisha wakakaa chumba cha ndani, wote watano, na ilipotimu saa nne, nje kukiwa kumekwisha kucha zamani na bado ukungu umekataa kuondoka dirishani, wakasikia nyayo zikizunguka nyumba, zikisimama kila dirisha, zikisogea, mpaka zikafika la kwao na kutulia, na sauti ikaita, nayo haikuwa tena ile ya kikohozi bali sauti ya Nelson mwenyewe, na ule ucheshi wake, na kule kuvuta kwake mwisho wa jina, ilhali Nelson alikuwa amekaa pale pale kitandani akiwa ameziba kinywa chake kwa mikono miwili:

"Naisulaaa! Njoo uone baba amekuletea nini!"

Mtoto akafungua kinywa. Kiganja cha bibi kikakifunika.

Iliita mara ya pili, ikicheka. Mara ya tatu haikucheka. Kisha nyayo zikaondoka bila haraka, harufu ya ngozi ikakatika, na sebuleni mwanga ukazimika.

"Irudishe ilikotoka," Lekoko akamwambia Nelson. "Usizungumze na mtu njiani."

Nelson aliendesha mpaka Oldeani, akaibeba runinga peke yake, mgongo ukilia, akaiacha kwenye chumba kitupu, akamnyamazisha Inosenti kwa ishara ya mkono na kuondoka. Kioo kilikuwa cha baridi. Ukungu ukapasuka njiani, jua likatoka, mashamba ya kahawa yakang'aa, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili akajisikia kuimba, akaimba, vibaya kama kawaida yake. Atanunua inchi thelathini na mbili. Atanunua hata redio.

Akasimamisha gari uani. Mlango wa nyumba ulikuwa wazi, na aliwaona: mama yake kwenye kiti, Doreen kando, na mtoto mwenye kipara kipya mapajani mwa bibi, salama, mzima. Furaha ikampanda mpaka kooni na kutoka kama ilivyotoka kila alasiri ya miaka saba:

"Naisulaaa! Baba amerudi!"

Doreen akasimama ghafla. Mtoto hakufumbua midomo. Hakuwa akimtazama baba yake, bali nyuma ya bega lake, ndani ya gari.

"Abee, baba," ikaitika sauti kutoka kiti cha nyuma.