Ukoo wa Kusow na Nzisa

Likizo ya Agosti Kalunde hakuhitaji kuamshwa. Kabla mama yake, Mumbua, hajawasha jiko, msichana huyo alikuwa ameshachota maji, akawafungulia mbuzi na kuosha vyombo vya jana. Kisha aliketi na mama yake kuchambua ndengu za kuuza sokoni, mikono ikiwa kwenye ungo na mawazo yakiwa mjini. Mumbua alimtania kwamba laiti hesabu zingefundishwa ndani ya ule mchezo wao wa kompyuta, binti yake angekuwa wa kwanza kila muhula.

Baada ya chakula cha mchana alikimbia hadi Makindu mjini, kwenye duka la nguo la Mama Deeq. Jina lake hasa lilikuwa Timiro, naye alikuwa mama ya Ismahan, rafiki mkubwa wa Kalunde. Nyuma ya duka, katikati ya majora ya vitambaa, palikuwa na kompyuta ya zamani ambayo Deeq, kaka yake Ismahan, aliiacha alipokwenda chuo kikuu. Ndani yake mlikuwa na mchezo wa kuiga maisha: unaunda watu, unawajengea nyumba, wanafanya kazi, wanaoana, wanazeeka na kufa.

Watoto wengi hujijazia fedha za bure humo wakajenga majumba makubwa siku ya kwanza. Kalunde na Ismahan waliona huo ni uvivu mtupu. Ismahan alifundishwa nyumbani kutaja babu zake saba, mmoja baada ya mwingine, bila kukosea. Basi wakaamua kuanzisha ukoo wao na kuufikisha vizazi saba. Sheria walijiwekea wenyewe: wangeanza na kiwanja kitupu, wasichukue fedha za bure, mtu asicheze peke yake, na aliyekufa asirudishwe. Wakapeana mikono.

Waanzilishi wa ukoo walikuwa mume na mke. Mume aliitwa Kusow, jina la babu yake Ismahan aliyeishi Wajir. Mke aliitwa Nzisa, jina la nyanya yake Kalunde aliyefariki mwezi wa Aprili. Wawili hao walilala nje bila paa, wakalima mboga na kuuza, wakajenga chumba kimoja, wakapata mwana, naye akaoa. Haba na haba, nyumba ikawa nyumba.

Kisha Nzisa wa kompyuta akazeeka na kufa. Kalunde alilia kana kwamba msiba wa Aprili umeanza upya. Aliomba warudi nyuma kidogo, mara moja tu, hadi wakati mama huyo alipokuwa hai.

"Sheria ni sheria," Ismahan alimwambia, akimshika bega. "Na ni sisi tulioiweka."

Ilimuuma Kalunde, lakini alikubali. Kaburi likabaki nyuma ya jikoni.

Alhamisi mke wa yule mwana alijifungua msichana. Kwa Wakamba binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake, kwa hiyo Kalunde hakuwaza mara mbili. Aliandika Nzisa. Alimweleza Ismahan kwamba nyumbani kwao mtoto wa namna hiyo huitwa susu, yaani nyanya, hata kama bado ananyonya, na wazee husema nyanya amerudi. Alirudi kwao akiimba njia nzima.

Ijumaa alimsaidia mama yake sokoni. Jumamosi alipoingia katika chumba kile, alitazama kioo cha kompyuta akatafuta kitanda cha mtoto. Mtoto alikuwepo, lakini alikuwa mvulana.

"Nzisa yuko wapi?" aliuliza.

Ismahan alikuwa akikunja kitambaa ambacho kilikuwa kimekunjwa tayari. Alisema stima ilipotea jana na mashine ikaharibu mambo. Kalunde karibu aamini, maana stima za mji huo kila mtu anazijua. Lakini alitazama tena. Mzee Kusow alikuwa ameketi mlangoni akinywa chai, na mtoto alikuwa ameshapewa jina.

"Stima ikipotea, mtoto anaweza kupotea," alisema polepole. "Lakini hageuki kuwa mvulana. Kuna mtu amecheza."

Njia ya mwongo ni fupi. Ismahan aliinamisha kichwa akasema yote. Ijumaa alicheza peke yake. Moto ulishika jikoni na Mzee Kusow akafa. Kwa hofu akafungua nakala ya zamani ya mchezo, iliyohifadhiwa Jumanne, ambamo mzee alikuwa hai na Nzisa alikuwa bado hajazaliwa. Alidhani mtoto angezaliwa tena vilevile, ampe jina lile lile, na Kalunde asijue kitu.

Kalunde alimgeukia. "Nyanya yangu nilimwacha aende," alisema. "Wewe ndiwe uliyeniambia sheria ni sheria. Babu yako ukamrudisha, na susu ukamfuta."

Akaondoka. Jumapili kanisani aliimba kwa midomo tu. Uchungu wake haukuwa wa mchezo, bali wa ule mkono uliomshika bega.

Jumatatu Mumbua alimtuma apeleke kilo mbili za ndengu kwa Mama Deeq. Kalunde alitaka kuziacha mlangoni akimbie, lakini Timiro alimkaribisha ndani, akampa chai na anjera, chapati laini za Kisomali, kisha akamwita Ismahan aketi mbele yake. Kumbe usiku uliopita Ismahan alikuwa amemweleza mama yake yote aliyoyafanya.

"Ismahan," Timiro alisema, "nitajie babu zako."

Ismahan akawataja, kuanzia baba yake hadi yule wa saba.

"Sasa mwondoe mmoja wa katikati, anayekuchukiza."

Ismahan alianza kuhesabu kwa vidole. Kisha akasema haiwezekani, kwani wote waliomfuata wasingekuwepo, hata yeye.

"Basi. Ulitaka kumwokoa mmoja kwa siri, ukamwondoa mwingine ambaye mwenzako alimlilia. Na ulifanya hivyo kwa nini?"

Machozi yalimtoka Ismahan. Alisema babu yake wa kweli alikuwa amelazwa hospitalini tangu wiki iliyopita. Alipomwona Kusow wa kompyuta akiungua, aliogopa kwamba ni dalili mbaya. Hofu hiyo hakumwambia mtu.

Kalunde aliweka kikombe chini. Hasira yake haikwisha, lakini ilipata mwenzake. Yeye alijua hofu hiyo ilivyo. Aprili alikuwa nayo.

"Ungeniambia," alisema. "Mimi ningekaa na wewe."

"Nisamehe, Kalunde. Ile nakala ya kweli bado ipo ndani. Sikuifuta."

Waliifungua pamoja. Jiko lilikuwa jeusi kwa moshi, makaburi yalikuwa mawili, na kitandani Nzisa mdogo alikuwa akilia kwa njaa. Ismahan alitazama kaburi la pili kwa muda mrefu. Kisha akamlisha mtoto.

Timiro alisimama nyuma yao. "Sheria ya shule ina mwalimu wa kuilinda," alisema. "Sheria mliyojiwekea wenyewe haina askari, na ndiyo inayoonyesha wewe ni mtu gani. Kuogopa si kosa. Kosa ni kumficha rafiki yako hofu kwa uongo. Na tena, binti yangu, babu wa kompyuta umemfufua, lakini wa kweli hujampigia simu hata mara moja."

Akapiga namba ya Wajir na kumpa Ismahan simu. Sauti ya mzee ilitoka nyembamba, lakini ilikuwa na kicheko ndani yake. Ismahan alizungumza naye Kisomali kwa muda, akakiri kwake kila kitu, hata ule moto, kisha akamgeukia Kalunde, akiwa bado na machozi.

"Awoowe, babu yangu, anacheka. Anauliza, kama alikufa, nani alimzika?"

Kalunde alifikiri kidogo, akasogeza kiti chake karibu na simu.

"Mwambie tulimzika sisi wawili," alisema.