Mashine Iliyotoka Kabla ya Kunyoa

Haya sikuambiwa na mtu. Ukuta wa chumba cha kulala cha Makokha pale Malaba niliutoboa mimi mwenyewe, nyundo moja na tindo moja, asubuhi moja tu. Mwashi mwingine angekula siku mbili. Kwa hivyo nikisema ile mashine ya baridi, ya kupoza hewa ya chumba, ilidondosha maji upande wa ndani badala ya nje, ujue niliyaona na kuyagusa. Yalikuwa na uvuguvugu, kama mate.

Mwaka ulikuwa 1975. Makokha alikuwa na duka la vitambaa na nywele za afro alizozichana kila saa. Nyumba yake ilipakana na kinamasi, na mke wake Leonida alikuwa na pumu. Mvua ikinyesha wiki moja, viatu vinaota kuvu chini ya kitanda, naye Leonida anapumua kama filimbi iliyopasuka. Daktari alimwambia Makokha wazi: "Huyu mama akilala msimu mwingine kwa unyevu, utamzika. Kausha hicho chumba."

Basi tukavuka mpaka wa Uganda hadi Tororo, Makokha, fundi wa umeme Echodu na mimi. Mashine za kuuzwa zilikuwa mbili. Ndogo ilikuwa dukani. Kubwa ilikuwa nyumbani kwa mzee aliyezikwa juzi.

"Chukua ndogo, boss," Echodu alisema. "Chumba chako si ukumbi. Kubwa itapuliza baridi dakika tano, ione kazi imeisha, inyamaze, na maji yabaki hewani. Ndogo itanguruma polepole mchana kutwa, na hiyo ndiyo inavuta maji. Mama anahitaji kukauka, hahitaji kuganda."

"Echodu, umeniona mimi ni mtu wa kununua kitu kidogo? Nikiwasha, nataka hata watu wa forodha wasikie."

Mjane wa yule mzee, jina lake Amuron, alisimama mlangoni. "Ngojeni tunyolewe," aliomba. "Vitu vyake bado ni vyake. Alikufa mbele ya hiyo mashine, akitafuta hewa."

Kwetu hata sufuria ya marehemu haitoki bomani kabla ya watu wake kunyolewa nywele za matanga. Mtoto anajua hilo. Makokha pia alijua. Alielewana na kijana mkubwa wa marehemu pembeni, tukabeba.

Tuliiwasha saa nane mchana, jua likiwaka. Ikanguruma mpaka vioo vikatetemeka, Makokha akapiga makofi, na baada ya dakika tano ikanyamaza, vile Echodu alivyosema. Kuta zikaanza kutoa jasho. Halafu, katika ule ukimya, tukasikia pumzi. Ndefu. Ya kukwaruza.

"Fundi," Leonida alinong'ona kutoka kitandani, "nani anapumua?"

"Si ni wewe, mama."

"Mimi nimezuia pumzi."

Tangu siku hiyo kila mashine iliponyamaza pumzi ilirudi, na pamoja na pumzi ikaja harufu, harufu ya tumbako na blanketi lililolowa na ile dawa ya kusugua kifuani ambayo wagonjwa wazee hupakwa, na maji yakatambaa kutoka ukutani mpaka mguu wa kitanda ingawa sakafu ilikuwa imeinamia upande wa pili, na nilijua imeinamia kwa sababu niliipima, na kila yalipofika kitandani Leonida alishika koo akawa anavuta hewa kwa zamu na kile kitu, yeye akivuta hicho kinatoa, hicho kikivuta yeye anatoa, kana kwamba hewa ya chumba kile ilikuwa moja na haitoshi wawili.

Makokha akamwita mganga, mama wa Kijaluo anayeitwa Akumu. Akumu alinusa mlangoni na hakukubali kiti.

"Hili si jini la kutangatanga," alisema. "Ni mwenye mashine mwenyewe. Ametolewa kwake kabla ya siku yake. Aliyemtoa anyolewe hapa mbele yake, kama mtoto wa boma lile, kisha mashine irudi."

Makokha alishika afro yake. "Nywele zangu? Nitatembeaje sokoni? Nyoa huyu. Si mashine ilinunuliwa kwa sababu yake?"

"Wewe ukinyolewa umekuwa mtoto, unachinjiwa kuku unaenda zako. Mwanamke akinyolewa mbele ya marehemu, amekuwa mke wake."

"Mke wa mashine? Basi aipikie!"

Akumu alikunja mfuko wake akaondoka. Wembe ukashikwa na Makokha mwenyewe.

"Baba Perez," Leonida alimwambia polepole, na aliposema hivyo alimtajia binti yao, "usinipeane."

"Tulia. Nitakukata."

Nywele za mwisho zilipoanguka, mashine ikawaka bila kuguswa. Kufika jioni kuta zilikuwa kavu kama unga, na Leonida alipumua vizuri kuliko mimi. Makokha alizunguka Malaba yote akisema kubwa ni kubwa.

Kesho yake mchana tulimkuta Leonida amepiga magoti mbele ya mashine na kikombe cha chai kwenye sinia. Makokha alipoingia, akajifunika kichwa kwa leso.

"Karibu, shemeji," alimwambia. "Sema polepole. Mume wangu amelala."

Makokha alimpiga kofi, na kofi lilipolia mashine ilikohoa, kikohozi cha mwanaume aliyeamshwa, na baridi iliyotoka mle ilimkamata Makokha kifuani, akatoka nje akitambaa huku anavuta hewa kama vile mke wake alivyokuwa akivuta miaka yote, na hatukumsaidia haraka, nakiri.

Siku ya nne tangu mashine iwashwe, Amuron alikuja na mkokoteni na vijana wawili. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa, kinang'aa. "Leo tunagawa," alisema. "Nimefuata vya marehemu." Makokha, kwa sauti ya kukwaruza, alimsihi achukue haraka. Echodu akachomoa plagi, na papo hapo Leonida akaanguka, amekufa. Tukamzika Jumamosi. Makokha alilia makaburini, na kabla ya udongo kukauka alimuuliza Echodu kama ile ndogo ingetosha kwenye tundu nililotoboa.

Yote ni kweli ila kitu kimoja nimetunga: kile kifo, na mazishi yake. Nilikiweka kwa sababu ni chepesi kusimulia. Plagi ilipochomolewa Leonida alisimama, akajifunga leso, akashika ukingo wa mkokoteni pamoja na Amuron, mke mwenzake. Makokha alimwita jina mpaka sauti ikamkauka. Kwenye geti la Uganda askari aliuliza mashine ni ya nani.

"Ya marehemu," Amuron alisema.

"Na huyu mama?"

Leonida alivuta pumzi ndefu, ya kukwaruza.

"Na mimi ni wake."