Kamba Nyekundu ya Chumba cha Mwangwi

Jumatano, tarehe 24 Aprili, saa nane mchana. Hapo ndipo maisha yangu yalipoharibika mara ya pili.

Mgeni wangu alisimama mlangoni mwa chumba cha mawe, akaniziba njia.

"Mjomba Sarun... mimi si mtalii."

Joto la siku ile ungeweza kukaangia yai juu ya jiwe!

Mnaonisoma hapa, tulieni niwapange tangu mwanzo. Mkimaliza mtanitukana, ruksa.

Mimi ni dereva wa bajaji hapa Siem Reap, nabeba wageni wa mahekalu. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo lile shati la waongoza watalii sitalivaa mpaka nazikwa. Sheria inasema dereva aishie getini; akikamatwa ndani, anafukuzwa mahekaluni. Mimi huwa naingia kwa kuiba. Mawe haya nayajua kuliko hao wenye vyeti!

Mke wangu Chanthou alikuwa mfagiaji wa hekalu la Trapeang Kok. Ukuta ulimwangukia miaka miwili iliyopita.

Kule kuna chumba chembamba. Ukiegemea ukuta ukajipiga kifua, mawe yote yananguruma. Watu hujipiga mara saba kutoa mikosi. Ukuta ulikuwa na ufa, na wakubwa wa ofisi ya mahekalu walijua miaka minne nzima. Dawa yao? Wakafunga kamba nyekundu mlangoni. Kamba!

Chanthou alikutwa chini ya mawe, kamba mkononi.

Ripoti ya ofisi ikasema mstari mmoja tu: marehemu alifungua kamba kwa ukaidi wake.

Pale getini kuna kibao cha majina ya waliofia kazini. Kila mwaka mpya wetu, katikati ya Aprili, watawa huyasoma. La Chanthou halimo, eti mkaidi! Wiki iliyopita nilisimama juani nikasikiliza majina yote mpaka la mwisho... wakamruka tena.

Hao wakubwa nimewaandikia barua tisa. Tisa! Kimya. Wamejifungia na viyoyozi vyao, wanakunywa kahawa ya barafu.

Sasa Jumatano hiyo akapanda binti mmoja kutoka mji mkuu, Phnom Penh, mwavuli mkononi, miwani usoni. Anaitwa Rachana.

"Mjomba, nipeleke Trapeang Kok."

"Kule hakuna kitu, mwanangu. Nyani tu."

"Basi nataka nyani."

Tangu msiba nilikuwa sijavuka geti lile. Njiani nikasimama kununua juisi ya miwa. Mbele kidogo nikasimama tena. Nikashuka kukagua gurudumu.

"Mjomba, gurudumu lina nini?"

"Halina kitu."

"Mbona unalikagua mara ya tatu?"

Nikawasha bajaji.

Getini mlinzi Vuthy alikuwa amejilaza kwenye kitanda chake cha bembea.

"Wee Sarun! Dereva mwisho hapo!"

"Nampeleka mpwa wangu chooni!"

"Choo kiko huku, mpwa wako anaelekea kule!"

"Amebanwa na historia!"

Vuthy akacheka mpaka bembea ikapiga kelele. Tukapita.

Ndani nikawa naenda kama nafukuzwa.

"Huyu mfalme, huyu tembo, huyu adui. Twende."

"Mjomba, tembo mwenyewe sijamwona!"

"Tembo ni tembo, mwanangu. Twende!"

Yeye akanyoosha moja kwa moja hadi chumba cha mwangwi. Siku hizi wameweka nguzo za chuma. Baada ya mtu kufa ndiyo wanakumbuka nguzo! Nikaanza kuwatukana wakubwa, mmoja baada ya mwingine.

Ndipo akaniziba mlangoni.

"Mimi ni mkaguzi, natoka makao makuu. Barua zako nimezisoma, zote tisa."

Nikataka kulia kwa furaha. Hatimaye!

"Zote zinasema asubuhi aliyokufa mkeo kamba haikuwa imefungwa," akaendelea.

"Ndiyo! Walizembea! Chanthou hakufungua kitu!"

"Asubuhi ile wewe ulikuwa wapi?"

"Uwanja wa ndege, nasubiri wageni."

"Vuthy hakuona kamba ilivyokuwa. Wafagiaji waliokuwa na mkeo hawakuona." Akavua miwani. "Wewe uliyekuwa uwanja wa ndege... ulijuaje?"

Nikampita, nikazama ndani ya chumba.

Nikaegemea ukuta, nikajipiga kifua. Mara moja tu. Mawe yakanguruma mpaka popo wakatoka.

Haya, na ninyi mjue.

Jioni ya siku moja kabla hajafa nilikuwa na wageni wawili waliotaka mwangwi. Nikafungua kamba, dakika mbili tu, kama kawaida yangu. Mvua ikatushukia, tukakimbilia bajaji. Kamba nikaiacha chini.

Chanthou aliujua mchezo wangu. Kila asubuhi, kabla hajashika ufagio, alipita kule kwanza. Akikuta kamba chini, anaifunga. Akirudi nyumbani ananisema mpaka wali unapoa.

"Wewe mwanaume, ipo siku!"

Kamba ilikuwa mkononi mwake kwa sababu alikuwa anaifunga.

"Kwa nini hukuandika hivyo?" Rachana akauliza.

"Ningeandika hivyo, mwanangu, ningemlaumu nani?"

Akatoa karatasi.

"Ukikiri, ripoti inabadilika na jina lake linapanda kibaoni. Lakini wewe hutasogelea tena geti la hekalu lolote. Hata siku ya majina."

Nikashika kalamu, nikaandika kwa mwandiko wangu wa darasa la tatu: KAMBA NILIFUNGUA MIMI SARUN. MKE WANGU ALIKUWA ANAIFUNGA.

Tulipotoka, Vuthy akauliza, "Vipi, mpwa amejisaidia?"

Hakuna aliyecheka.

Mwaka mpya ujao jina la Chanthou litasomwa. Mimi nitakuwa ng'ambo ya barabara, nikitega sikio. Na wale walioujua ufa miaka minne? Hakuna hata mmoja aliyeandika karatasi yake. Sijawasamehe, na msiniambie niwasamehe!

Ila nawausia hivi: unapowapigia wakubwa kelele, hakikisha hiyo kelele huipigi ili usijisikie mwenyewe. Mimi nilipiga miaka miwili.

Nilimrudisha Rachana hotelini. Akashuka, akakunja mwavuli, akasimama pale hataki kuondoka.

"Mjomba, nina swali moja. Hili si la ofisi."

"Uliza."

"Kila asubuhi alienda kuifunga ile kamba... ili wageni wasife, au ili wewe usifukuzwe?"