Wenye Kufaa Vitani

"Rahim, ingia sasa."

Sauti ya Monica, mkuu wake wa kazi, ilitoka kwenye kiredio kidogo kama punje ya harage ndani ya sikio lake la kulia. La kushoto lilishakufa. Bomu la miaka ya nyuma.

Rahim akaingia kwenye ghala la zamani la kahawa, kijijini Kilema. Bango mlangoni lilitangaza kazi ya upagazi mlimani. Mpagazi kupimwa afya ni jambo la kawaida, kwa hiyo hakuna kijana aliyeshtuka.

Ila Idara ya Usalama, iliyomtuma Rahim, ilikuwa imeshtuka. Vijana waliotangulia hawakuonekana mlimani. Mmoja wao alimpigia mama yake simu kutoka kwenye handaki, vitani, kwenye nchi ambayo hata lugha yake haijui.

"Vua shati," alisema Daktari Kessler, mgeni mrefu mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi.

Akanong'ona kitu nyuma ya sikio la kushoto. Rahim hakusikia, hakujibu.

"Safi. Kunja kidole cha shahada, mkono wa kulia. Tena. Unafaa."

Basi.

Hakuchungulia hata masikio. Jeshi linalowajali askari wake lingemrudisha nyumbani.

Aliyefuata aliitwa Wenseslaus, mkulima wa mpunga kutoka Chekereni. Midomo yake ilikuwa imepauka.

"Daktari, moyo unanisumbua tangu utotoni. Huwa nadondoka."

"Unaweza kubeba kiroba?"

"Naweza, ila..."

"Unafaa."

Simu ya setilaiti ikaita. Kessler akajibu kwa Kiingereza cha haraka, akiamini wapagazi hawaelewi.

"Mwanzo wa vita tuliwarudisha hata wenye meno mabovu. Sasa kidole cha kufyatulia risasi kikiwa kizima, inatosha. Wanavuka mpaka wa Holili leo."

Saa ya Casio mkononi mwa Rahim, yenye kinasa sauti ndani, ikarusha kila neno kwa Monica.

"Tumemnasa," alisema Monica. "Tuko Holili. Vuta subira mpaka mpakani. Nawataka na wapokeaji wake."

Mvua ikaanza. Efraimu, mshirika mwenyeji wa Kessler, akawatoa vijana nje na kuwatwisha viroba vya mchanga. Bastola aina ya Makarov ilitokeza kiunoni mwake.

"Pandeni kilima! Mbio!"

Wenseslaus hakufika mbali. Akaanguka kifudifudi kwenye tope, kimya.

"Mpakieni kwenye Land Cruiser," alisema Kessler. "Ataamka njiani."

Rahim akaileta saa mdomoni. "Mama, kijana anakufa."

"Subiri mpakani. Hiyo ni amri."

"Sikusikii, mama. Sikio bovu."

Akazungusha kiroba. Kikampiga Efraimu kifuani, naye akaenda chini, akazimia. Rahim akaichomoa Makarov.

Risasi moja. Tairi la Land Cruiser likalia.

Kessler akachomoa bastola yake, akatoweka migombani. Rahim akageuka huku na huko. Mvua, majani, maji ya mfereji. Upande wa sikio bovu hakusikia kitu.

"Kushoto, kaka!" vijana wakapiga kelele.

Akajitupa chini. Risasi ikachana mgomba juu ya kichwa chake. Akabiringika mpaka kwa Kessler, akamkamata miguu, akamwangusha mferejini, akamnyang'anya bastola.

Simu ya setilaiti ikaita.

"Pokea. Waambie wapokeaji mko njiani."

Mdomo wa Makarov ukiwa shingoni, Kessler alisema hivyo hivyo.

"Sasa njoo huku. Wewe ni daktari. Mwamshe."

"Huyu hana..."

"Mwamshe!"

Kessler akapiga magoti kwenye tope, akaanza kukandamiza kifua cha Wenseslaus. Jasho na mvua vikachanganyika usoni pake. Vijana walisimama kumzunguka, wengine wakiomba kwa Kichagga.

Wenseslaus akakohoa.

Kijana mmoja akakaa chini, akalia kama mtoto.

Magari ya Idara yalipanda yakiunguruma. Muda si mrefu Monica akaita tena. "Wapokeaji tunao. Walikuwa bado wanasubiri."

Hospitali ya misheni haikuwa mbali. Wenseslaus alifumbua macho kitandani na kumwona Rahim, tope mpaka nyusi.

"Kaka, ile kazi... nimeikosa?"

"Umeikosa."

Wenseslaus akafumba macho. Akatabasamu.

"Rahim," sauti ya Monica ikanguruma, "ulivunja amri. Shuka Moshi mara moja, unieleze."

"Nakuja, mama. Shikamoo."

Akakichomoa kiredio sikioni, akakitia mfukoni, akapandisha kola na kuteremka kuelekea Moshi, mvua ikimnyeshea.