Kiapo Alichokataa Kalasinga

Jumamosi moja ya mwezi Mei, mwaka 2013, soko la Kasulu lilikuwa limefurika kama ilivyo kawaida ya msimu wa maharage. Wanawake wa Heru Juu walikuwa wamepanga magunia hadi njiani, waendesha bodaboda wanapiga honi bila kukoma, na Theodosia Nduwayezu alikuwa kibarazani kwake, ameinamia cherehani, anamalizia gauni la kipaimara la mtoto wa mwalimu. Kivuli kikamwangukia. Alipoinua macho aliona kwanza ndevu, nyeusi na zilizochanwa vizuri, kisha kilemba cha buluu, kisha mkono wenye bangili ya chuma na kucha zilizoingia grisi. Mkono ule ulimkabidhi vitambaa viwili vyembamba vya rangi ya zambarau.

Mgeni aliomba viunganishwe kwa urefu, kimoja na kimoja, viwe kitu kimoja. Theodosia akakunjua, akapima kwa mkono, akakunjua tena. Kitambaa hakikuisha.

"Bwana," alisema, "huyo mkeo ana umbo gani? Hili si gauni, ni hema la wakimbizi."

Kwenye kibanda cha jirani walicheka. Mgeni naye alicheka, akagusa kichwa chake.

"Mke sina, dada. Hema lenyewe ni hili."

Hivyo ndivyo walivyojuana. Jina lake lilikuwa Jaspal Singh, fundi wa magreda katika kambi ya barabara nje kidogo ya Kibondo. Alizaliwa Mwanza, na baba yake pia, na Kiswahili chake kilikuwa cha Mwanza kabisa, kilichochanganyika na Kisukuma cha kutania. Watu walimwita Kalasinga, kama wanavyoitwa wote wa dini yake, naye aliitika bila kinyongo. Theodosia alimwita Fundi. Yeye naye akamwita Theodosia Fundi, kwa kuwa, alisema, cherehani na greda ni ndugu: vyote viwili hunyoosha.

Simu zikaanza. Kambini kwao mtandao ulikuwa wa kubahatisha, hivyo jioni Jaspal alipanda juu ya greda ndipo apige.

"Uko wapi?"

"Juu ya greda, mpenzi."

"Shuka taratibu. Usije ukaanguka ukaniachia ujane kabla ya ndoa."

"Kumbe ndoa ipo?"

Theodosia alikata simu, akabaki anacheka peke yake kibarazani, uzi mdomoni. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi yeye akiwa mgongoni, wakapata ardhi, wakawa Watanzania, wakazikwa Heru Juu. Alikuwa na dada mmoja, Maximilla, na mjomba mmoja, Evaristi, aliyewalea. Wanaume waliokuwa wamemwendea kabla ya hapo walikuwa wengi wa maneno na wachache wa kurudi. Huyu alirudi kila Jumapili aliyopata nafasi, kilemba kimefungwa sawasawa, vumbi la Kibondo likiwa limempaka hadi kope.

Siku moja Theodosia alikwenda kumtembelea. Kwa adabu alifuatana na Maximilla, naye alivaa gauni la kitenge la kijani alilojishonea kwa safari hiyo. Chumba cha Jaspal kilikuwa kitupu: kitanda, jiko, ndoo. Juu kabisa ukutani kulikuwa na rafu, na juu ya rafu kifurushi cha kitambaa cheupe. Theodosia alinyoosha mkono. Jaspal akamzuia kwa upole, akamwomba avue viatu, anawe na ajifunike kichwa. Mwenyewe alinawa mara mbili, kwa sabuni ya unga, akijisugua kucha kama daktari. Ndipo akakifungua.

Theodosia alitarajia picha ya mungu mwenye mikono mingi. Aliona maandishi tu.

"Mungu wenu yuko wapi hapa?"

"Hana picha," alisema Jaspal. "Tulikuwa na walimu kumi, tunawaita Guru. Wa kumi alipokaribia kufa hakumtawaza mtu. Alisema tangu sasa mwalimu wenu ni Neno lililomo kitabuni. Kitabu chenyewe kikubwa kiko Mwanza, nyumba yetu ya ibada. Asubuhi kinafunuliwa, kinapepewa kama mfalme, jioni kinalazwa kitandani kwake. Hiki changu ni kijitabu cha sala, lakini maneno ni yale yale."

"Kwa hiyo mnaabudu karatasi," alisema Maximilla, ambaye hakuwa mtu wa kuficha.

"Shemeji, mdogo wako akipokea simu yangu, anaongea na simu?"

Theodosia alifikiri, kisha akasema kwamba hata padri kila Krismasi huwaeleza habari za Neno, ila kwao Neno lilifanyika mtu. Jaspal alijibu kwamba kwao mwalimu aliacha mwili, Neno likabaki. Akaeleza kwamba Neno hilo halikuanza kwa wino. Lilikuwapo kabla ya mbingu, na bado linasema, ila mtu halisikii kwa sababu ndani yake kuna kelele za mimi, mimi, mimi. Kila alfajiri alisoma, kisha alinyamaza akasubiri kelele zile zitulie. Kazi hiyo, alisema, ilimshinda kuliko greda.

Theodosia hakuelewa yote. Alielewa kwamba mwanamume huyu alikuwa na kitu anachokiogopa kwa mapenzi, na akampenda zaidi kwa hicho.

Mwaka uliofuata Jaspal alitamka wazi kwamba anataka kuoa, na siku ikapangwa ya kwenda Heru Juu kwa mjomba. Lakini msema chochote hakosekani. Kipriani, dereva wa lori la saruji, alifika kibarazani kushonewa suruali iliyopasuka, akamwambia Theodosia kwamba amemwona Kalasinga wake Mwanza, anashuka kwenye gari na mama wa Kihindi na mtoto wa kike, na mtoto amemshika shingo.

Habari ile iliingia moyoni kama mwiba wa samaki kooni. Nyumba yao ilikuwa na kidonda. Mume wa Maximilla, ofisa aliyehamishiwa Kasulu kutoka mkoa mwingine, aliishi naye miaka miwili kabla mke wa kwanza hajateremka kwenye basi na mabegi. Tangu siku hiyo mjomba Evaristi alijilaumu kwa jambo moja tu: hawakumwapisha. Kwa watu wa ukoo wao, neno lenye shaka humalizwa kwa kushika Biblia mbele ya wazee. Mwongo hatathubutu.

Siku ya siku Jaspal alifika amevaa shati jeupe na kilemba cha zambarau. Wazee walikuwa wamekaa, ugali wa muhogo na samaki wa migebuka vikimsubiri jikoni. Mjomba alimuuliza juu ya yule mama. Jaspal alijibu bila kusita: ni Harjit, mke wa marehemu kaka yake aliyekufa kwa ajali ya gari, na mtoto ni wa kaka. Yeye ndiye baba mdogo, yeye ndiye anayewatunza.

"Vizuri, mwanangu," alisema mjomba. "Sasa tuapie. Biblia hii hapa. Au kama unataka chenu, kalete, tutakungoja."

Jaspal aliinamisha kichwa mbele ya Biblia.

"Baba, siwezi."

"Huwezi nini?"

"Kuapia. Chenu nakiheshimu, changu ni mwalimu wangu. Simwiti mwalimu wangu aje asimame shahidi wa mambo yangu, kama mtu anayeweka rehani ng'ombe. Yeye husema, mimi husikiliza. Niulizeni mimi. Nimejibu, na nitajibu tena hata mara mia."

Minong'ono ikaanza. Mjomba alisema kwa upole wa kutisha kwamba mwenye kweli haogopi kuapa. Jaspal alimgeukia Theodosia, aliyekuwa amesimama mlangoni na kitenge chake kipya.

"Fundi, wewe unaniamini?"

Wote walimtazama. Theodosia aliona uso wa dada yake, akaona yale mabegi yakiteremka tena kwenye basi. Angeweza kusema ndiyo. Ilikuwa neno fupi.

"Apa kwanza," alisema.

Jaspal aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyetajiwa bei asiyoiweza. Aliwashukuru wazee, akavaa viatu, akaondoka. Chakula kililiwa na wengine.

Alipiga simu siku zilizofuata, na Theodosia aliiacha iite. Alitaka arudi na kitabu mkononi. Simu zikapungua, zikakoma. Kazi ya barabara upande ule ilisimama, mafundi wakatawanyika.

Ilikuwa katikati ya mwaka 2015 Kipriani alipokuja tena, safari hii na koti. Wakati akisubiri alisimulia, kama mtu anayetaja bei ya saruji, kwamba yule Kalasinga wa zamani ana gereji Mwanza, na kwamba yule mama kumbe alikuwa mjane wa kaka yake, yeye Kipriani alikuja kuambiwa baadaye. Wiki hii yuko Kibondo, anafungua greda bovu lililobaki. Sindano ya cherehani ilipita kwenye kidole cha Theodosia. Hakuisikia mpaka alipoona damu kwenye koti la watu.

Kesho yake alipanda basi la Kibondo.

Alimkuta Jaspal, wakakaa kwenye mgahawa wa stendi. Ndevu zake zilikuwa zimeingia mvi. Alimsalimia kwa Kiha, "Mwakeye," kama Theodosia alivyomfundisha, akamwagizia chai. Theodosia alimwomba msamaha kabla chai haijafika. Alisema yote: woga, Maximilla, wazee. Alisema hahitaji kitabu wala shahidi, na kwamba kama bado anamtaka, yuko tayari kumfuata Mwanza hata leo.

Jaspal alizungusha kikombe.

"Harjit sasa ni mke wangu," alisema.

Alieleza bila kujitetea. Aliporudi Mwanza, wazee wao walisema mjane asiachwe peke yake na mtoto, na mdogo wa marehemu yupo, hana mke. Ni desturi ambayo hata Waha wanaijua. Siku ya ndoa, kwa desturi yao, shuka lilitandwa juu yao wawili, wakainama mbele ya Kitabu.

"Kabla ya hapo nilikwenda kusikiliza. Kule kwetu Kitabu hufunguliwa ukurasa wowote, na linalosomwa ndilo agizo la siku hiyo. Nilitamani lisomwe neno la kunirudisha kwako. Halikusomwa."

"Ungeapa, Jaspal. Mara moja tu. Ningekuwa mkeo."

"Ungeamini kitabu. Mimi usingeniamini. Kila nikichelewa kazini ungekiteremsha kutoka rafuni." Alisukuma kikombe kando. "Alfajiri nikisoma naona nilifanya sawa. Jioni ikifika naona nilikuwa na kiburi tu, nikakipa jina la dini. Sijui. Mpaka leo sijui."

Theodosia aliuliza kama Harjit anampenda. Alijibu kwamba wanaheshimiana, na kwamba mtoto sasa anamwita baba. Aliuliza kama aliwahi kumsahau yeye. Jaspal alitazama nje, kondakta alikokuwa akiita abiria wa Kasulu.

"Hapana."

Alimsindikiza hadi kwenye mlango wa basi, hawakushikana mikono. Basi lilipofika njia ya vumbi Maximilla alipiga simu, akataka kujua yote kwa mara moja. Theodosia alimwambia Jaspal ameoa. Maximilla akaguna, akasema wanaume husema hivyo wakitaka kumkwepa mtu, je, ameuliza wengine, ana hakika gani?

"Kaniambia mwenyewe," alisema Theodosia. "Inatosha."